Akiru, Mdomo wa Mama Treni

Saa mbili asubuhi jua la Kakuma limeshakuwa kali, na Akiru Ejore amepiga magoti kwenye mkeka nje ya nyumba ndogo ya mabati. Mkono mmoja umeshika kitambaa chenye maji. Mwingine umeshika bega la mwanamke wa Kizungu mwenye mvi, aliyeegemezwa mito miwili, mguu wake wa kulia umenyooshwa na hautikisiki.

Akiru anampangusa uso polepole, kuanzia paji hadi shingoni, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Daktari Lopeyok anafika na faili kwapani, anasalimia "Ejoka", anachuchumaa. "Muulize amelalaje," anasema kwa Kiingereza.

Akiru anauliza kwa Kiholanzi. Mama yule anafikiri. Midomo inacheza, inatafuta, inakosa. Halafu maneno yanatoka yote kwa mpigo mmoja, safi kabisa: "De hond in de pot!"

Akiru anacheka, anamgeukia daktari na kumweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mgonjwa analalamika uji umechelewa.

Mwandishi wa makala haya alitaka kujua maneno yenyewe yalikuwa yapi. Akajibiwa kwamba, neno kwa neno, ni "mbwa ndani ya sufuria". Waholanzi husema hivyo mtu akichelewa mezani akakuta chakula kimekwisha.

"Ndiyo kazi yangu hiyo," anasema Akiru. "Yeye anatoa mbwa, mimi napelekea daktari uji."

Kwenye karatasi za shirika la Kiholanzi linaloendesha zahanati hii, Akiru, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni msaidizi wa jikoni, na mshahara wake ni wa jikoni, shilingi elfu tatu na kidogo kwa mwezi. Cheo cha mtu anayepokea misemo ya Kiholanzi na kuirudisha kwa Kiingereza cha watu hakimo katika orodha yao. Hata kama kingekuwamo, sijui wangekiitaje.

Mama anayemhudumia anaitwa Trijntje Wiersma, muuguzi, mwenye umri wa miaka sitini na sita. Watu wa Lodwar walipojaribu kulitamka jina hilo walitoka na treni, na treni ikabaki, ingawa reli haijawahi kufika Turkana. Leo hata watoto wa kambini humwita Mama Treni.

Wawili hawa walikutana Lodwar katika njaa ya mwaka 1980, ile ambayo Waturkana huiita Lopiar, yaani iliyofagia. Akiru alikuwa msichana aliyetembea na shangazi yake kutoka upande wa Kalemng'orok hadi kwenye kambi ya chakula. Mbuzi wote wa kwao walikuwa wamekufa. Muuguzi mgeni alimpima, akamlisha, na alipopata nguvu akampa kazi ya kuosha sufuria.

Mwezi haujaisha, mambo yakaharibika. Muuguzi alirudi jioni kutoka vijijini, akafunua sufuria, akakuta tupu. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza chake kwamba amekuta mbwa ndani ya sufuria.

"Mimi nilikuwa najua Kiingereza kidogo tu, lakini hiyo ya mbwa nilisikia," anasimulia Akiru. "Nikasema, leo nimekwisha. Huyu mama anasema mimi nimepika mbwa! Nikalia. Nikamwambia, mama, ilikuwa mbuzi, naapa, na mbuzi imekwisha!"

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alipomaliza kucheka alimweleza msemo ule, na Akiru akauelewa, na siku iliyofuata akamwekea chakula chake pembeni na kukifunika. Alipofika akamwambia kwa Kiholanzi alichokiokota jikoni kwamba leo mbwa hayupo.

"Alinitazama hivi, kama mtu amepata ndugu yake sokoni," anasema Akiru.

Kuanzia hapo wakafundishana. Mama Treni alikuwa mtu wa misemo. Wapo watu wa aina hiyo katika kila kabila, wasioweza kuomba chumvi bila kupitia kwa methali. Shida yake ni kwamba misemo hiyo aliibeba mizima mizima na kuimwaga kwenye Kiingereza, kisha akashangaa watu wanavyomkodolea macho.

Akiru anaikumbuka siku moja katika mkutano wa afya Lodwar. Mama Treni alisimama mbele ya ofisa mgeni na kutangaza kwamba leo ataangukia ndani ya nyumba pamoja na mlango. Ofisa akaweka kalamu chini, akauliza ni nyumba ya nani, na mlango huo umevunjwa lini.

Akiru, aliyekuwa akipitisha chai, akasema kwa Kiingereza kwamba Mama anaomba radhi, hana salamu ndefu, anataka kuingia kwenye hoja moja kwa moja. Ofisa alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Kwenye mkutano uliofuata, Akiru aliwekewa kiti kando ya Mama Treni, na birika likapata mtu mwingine.

Wakati huo alikuwa anasoma shule ya msingi ya mjini, mwanafunzi mkubwa kuliko baadhi ya walimu. Kiingereza alikipata darasani, Kiholanzi akakipata jikoni, kwenye redio ya kaseti na ndani ya gari bovu la zahanati. Hajawahi kukiandika vizuri.

Nilimuuliza anafanyaje hasa. Alifikiri, huku akimlainisha Mama Treni mkono wa kulia kwa mafuta.

"Siangalii maneno. Maneno inakudanganya. Naangalia huyu mtu ako na njaa, ama amekasirika, ama anacheza. Halafu nauliza, Mzungu wa Kiingereza akiwa na hiyo njaa, angesema aje? Basi nasema hivyo."

Anakiri kwamba amekosea mara nyingi. Kuna mwaka mzima aliowaambia wageni kwamba Mama Treni anaogopa paka, kumbe msemo wake wa kumtazama paka hadi ashuke mtini ulimaanisha tu kwamba atasubiri kwanza aone mambo yanavyokwenda. Paka walifukuzwa zahanati nzima, panya wakafanya sherehe.

Mwaka 1992, wakimbizi kutoka Sudan walipoanza kumiminika Kakuma, Mama Treni alihamishiwa huku, na Akiru akafuatana naye. Hapo ndipo alipoungana nao Nyandeng Manyok, mjane kutoka Bor, anayefua mashuka ya zahanati na kupika uji, ule ule uliochelewa leo.

"Ya Akiru, mkaa ilikuwa na maji!" Nyandeng anajitetea anapofika na bakuli. Anamgeukia mgonjwa na kumwekea kijiko mdomoni. "Kula, Mama. Kula, kalas, basi, mbwa imetoka."

Mama Treni anacheka upande mmoja wa uso. Upande wa pili haucheki tena.

Ilikuwa Machi mwaka huu wa 1996. Alikuwa akimpima mtoto uzito, akamkabidhi kwa mama yake, akaanguka. Walimkimbiza Lodwar hospitalini. Alipozinduka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na lugha zilikuwa zimemtoka. Kiturkana chake cha miaka kumi na sita kilikwenda. Kiswahili kikaenda. Kiingereza kikafuata.

Kilichobaki ni Kiholanzi, nacho si chote. Hawezi kusema "nipe maji". Hawezi kusema ndiyo akaimaanisha, kwa sababu ndiyo na hapana zimechanganyika mdomoni mwake. Lakini misemo mizima inatoka bila kukatika.

"Kiharusi kinaweza kufanya hivyo," anaeleza Daktari Lopeyok, mzaliwa wa Lodwar. "Yale maneno unatunga mwenyewe yanapotea. Yale uliyameza tangu utoto, kama sala ama hesabu ya moja mbili tatu, yanabaki. Sasa huyu mama utoto wake wote alimezeshwa misemo."

Ndipo kazi ya Akiru ilipopinduka. Zamani alikuwa akinyoosha maneno ya mtu anayejua kujieleza. Sasa misemo hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kama mtu huyu anaumwa, ana kiu, au ana huzuni. Akisema kwamba ngozi inaning'inia puani, Akiru anajua chai yake ina utando wa maziwa, au amechoka na jambo fulani, na inabidi atazame kikombe kwanza kabla hajamjibu daktari.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda. Kisha likaja suala zito.

Mama Treni ana kaka mmoja, Sietse, mzee kuliko yeye, anayeishi kijijini kwao kaskazini mwa Uholanzi. Damu nzito kuliko maji, na mzee huyo alisema dada yake arudishwe. Makao ya wazee yalishapatikana, chumba chenye dirisha, wauguzi usiku na mchana. Shirika likakubali kuleta ndege kutoka Lokichoggio. Lakini mzee alitoa sharti moja la kiungwana: dada yake aulizwe kwanza mwenyewe anataka nini.

Aulizwe na nani? Shirika likamwambia daktari, daktari akamwambia Akiru.

"Nilimuuliza kila siku," anasema Akiru. "Mama, unataka kwenda kwenu ama unataka kukaa? Ananiangalia. Anashika mkono yangu. Halafu anasema hiyo ya miti."

Msemo wenyewe ulikuwa huu: "Oude bomen moet je niet verplanten." Neno kwa neno, miti mizee usiihamishe.

Akiru hakuwahi kuusikia. Katika miaka yote hiyo jikoni, mkutanoni na barabarani, Mama Treni hakuwahi kuutamka hata mara moja. Na wakati huohuo, nje ya dirisha, fundi alikuwa akipima ardhi ya wodi mpya. Miche ya mwarobaini aliyoipanda Mama Treni ilikuwa inang'olewa na kuhamishiwa upande wa pili wa ua. Kamba ya fundi ilipita katikati ya mgunga mkubwa, ule ambao Waturkana huuita ewoi, unaotia kivuli baraza lake.

Mturkana yeyote angeelewa kama Akiru alivyoelewa. Katika nchi hii mti wa kando ya lagga, mto mkavu wa mchanga, una mwenyewe. Ukoo unajulikana kwa miti yake, na mzee anaweza kuugua kitandani huku akiwaza nani anakata matawi ya mgunga wake. Mama mgonjwa anayelilia mti si jambo la kustaajabisha hata kidogo.

Akiru akamwendea fundi na kumwambia Mama amekataa mti wake kuguswa. Fundi alikuna kichwa, akasogeza kamba, na wodi ikapinda kona. Imepinda hadi leo. Akiru akarudi mbio kumpa mgonjwa habari njema.

"Nikamwinua hadi dirishani. Nikamwambia, Mama, ona, mti iko, hakuna mtu ataguza. Akalia. Mimi nikadhani ni furaha."

Kesho yake Mama Treni alisema vilevile. Keshokutwa pia. Kila aliposema, Akiru alimpeleka dirishani. Nyandeng naye, kwa kumhurumia, akaanza kuumwagilia mgunga maji ya kufulia, mti ambao haujaomba maji ya mtu tangu babu zetu.

Daktari alipouliza kuna jibu gani, Akiru alisema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba Mama anashukuru mti wake umeachwa, ila kuhusu safari hajasema lolote. Daktari akaupeleka ujumbe huo shirikani kama ulivyo. Shirika nalo likamwarifu mzee Sietse kwamba dada yake anafurahia miti na hana pingamizi.

Siku ikapangwa.

Nilimuuliza Akiru yeye mwenyewe alikuwa anataka nini. Alimfunika Mama Treni miguu kwa kanga, akamtoa nzi usoni.

"Nilitaka abaki. Huyu ndiye mama yangu, mwingine sina. Na ningeweza kudanganya. Ningesema tu, amesema anabaki. Nani angejua? Hapa Kakuma nani anajua Kiholanzi?"

Kwa nini hakusema?

"Kwa sababu maisha yangu yote nimebadilisha maneno yake. Sijawahi kubadilisha kitu yeye alitaka kusema. Nikianza siku hiyo, basi hata zile za zamani zote zinakuwa uongo."

Kwa hiyo alimfungashia. Gauni mbili, sweta ambalo halikuwahi kuvaliwa Turkana, picha ya wazazi wake, na mkufu wa shanga aliovishwa na wanawake wa Lodwar. Nyandeng alikataa kusaidia. Aliketi mlangoni na kulia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ndege ilitua asubuhi ya siku ya Alhamisi mwezi wa Agosti. Rubani alikuja na gari la zahanati hadi nyumbani kusaidia kubeba machela. Alikuwa kijana mrefu anayeitwa Wiebe, na ikatokea kwamba ni Mholanzi, wa kaskazini hukohuko. Alikuwa na majuma machache tu Lokichoggio, na hakuna aliyekuwa amefikiri kuuliza rubani ni wa kabila gani.

Aliinama na kumsalimia mgonjwa kwa lugha yao. Mama Treni akamtazama, akatazama machela, akatazama mgunga, na akasema ule msemo wake wa miti.

Rubani akavua kofia.

Akamuuliza Akiru, kwa Kiingereza, anaelewaje maneno hayo. Akiru akamwonyesha mti, akamweleza habari ya fundi na kamba. Kijana yule akasema kwamba bibi yake alimwambia baba yake maneno hayohayo, siku baba alipoleta gari kumpeleka kwenye makao ya wazee. Hakuna mti wowote katika habari hii, alisema. Mti mzee ni yeye mwenyewe. Anaomba asihamishwe.

"Nilikaa chini hapo hapo kwa mchanga," anasema Akiru. "Miezi mitatu mama analia kwangu, nisipelekwe, nisipelekwe, na mimi namwonyesha mti!"

Hapa Akiru anajifuta macho kwa ncha ya shuka lake, na mwandishi anatazama pembeni. Kuna mambo hayahitaji swali la pili.

Jambo linalomuuma zaidi, anasema baadaye, ni kwamba kosa lilitokana na ule ustadi wake wa kunyoosha. Kama angempa daktari maneno makavu jinsi yalivyotoka, miti mizee usiihamishe, nayo yakafika Uholanzi hivyohivyo, mzee Sietse angeelewa siku ileile.

"Nilijifunza Kiholanzi ya mtu ako na kazi," anasema. "Ya kuchelewa chakula, ya mkutano, ya gari kuharibika. Ya uzee sikujua. Yeye hakuwa mzee wakati ananifundisha."

Daktari Lopeyok alipofika na kuuliza kuna nini, wote walimtazama Akiru atafsiri. Akakataa. Alimwomba rubani aseme yeye.

"Mimi nilikuwa nataka sana hilo jibu," anaeleza. "Mtu akitaka kitu sana, mdomo yake haifai. Nikamwambia kapteni, sema wewe, usipendelee mtu."

Rubani akasema. Daktari akachuchumaa mbele ya Mama Treni, akamshika mkono ulio hai, akamwambia kwa Kiturkana kwamba hakuna anayemhamisha. Kiturkana kilishamtoka mama yule, lakini alimwelewa. Aliachia pumzi ndefu, akalala usingizi palepale juu ya mkeka, na akalala hadi alasiri. Machela ilirudi Lokichoggio tupu.

Si kwamba kila kitu ni asali. Chumba hakina dirisha la kioo wala wauguzi wa zamu. Joto likizidi, Nyandeng na Akiru hupokezana kumpepea. Dawa ya shinikizo la damu hutoka Lodwar, na barabara ikikatwa na mafuriko au na wenye bunduki, mgonjwa hukaa siku kadhaa bila hiyo. Daktari anasema waziwazi kwamba Uholanzi angeweza kuishi miaka mingi zaidi.

Mzee Sietse naye hajaridhika. Shirika lilimweleza kwa lugha ya ofisi kwamba mgonjwa ameonyesha kupendelea kubaki. Ujumbe uliorudi ulikuwa mfupi na mkavu. Anataka kujua kama dada yake ameachwa tu kwa kuwa ndege ni ghali, na kama kuna mtu yeyote huko anayemjali. Asiporidhika na jibu, ataomba ndege irudi.

Akiru anayo mipango yake. Kapteni Wiebe, kila anapopita Kakuma, huketi naye mkekani kwa muda wa chai na kumpa misemo ya wazee, ya kuumwa, ya kukumbuka, ya kungoja. Akiru anaimeza, kisha jioni anamfundisha Nyandeng, ili siku yeye akiwa hayupo, Mama Treni asiongee na ukuta. Nyandeng anaitamka kwa lafudhi ya Bor na mgonjwa anacheka machozi.

"Na akifa?" nilithubutu kuuliza.

"Atazikwa ndani ya boma letu," anasema Akiru bila kupepesa. "Kwetu anazikwa ndani ni mwenye boma. Nimeshaongea na wazee, wamekubali. Lakini hiyo si ya leo."

Ya leo ni simu. Daktari Lopeyok anateremka Lodwar mchana huu, na kutoka posta ya huko atampigia mzee Sietse moja kwa moja. Mzee anajua Kiingereza cha kusalimia tu. Ndiyo maana daktari, akiwa ameshafunga faili, bado hajaondoka. Anataka Akiru ampe sentensi moja ya Kiholanzi.

Akiru anasema polepole, na daktari anarudia baada yake, koo likikwaruza: "Wij hebben haar in het zonnetje gezet."

"Maana yake nini?" daktari anauliza.

"Tumemweka juani."

Daktari anashtuka. "Juani? Hapa Kakuma? Akiru, huyo mzee atasema tunamchoma dada yake!"

"Hatasema. Kwao jua ni kidogo, wanaitafuta. Mtu wakimpenda, wakitaka kumheshimu mbele ya watu, wanasema wamemweka juani. Sisi tungesema kivulini. Ukimwambia huyo mzee dada yake ako kivulini, atafikiri tumemtupa mahali kuna baridi, tumemsahau."

"Si niseme tu kwa Kiingereza kwamba anaheshimiwa?"

"Hiyo ni ya ofisi, alishasikia," anasema Akiru. "Hii, alisikia kwa mama yao."

Daktari anaisema tena, na tena, hadi Mama Treni anageuza kichwa juu ya mito na kumtazama. Upande mmoja wa uso wake unaanza kucheka. Anainua mkono wa kushoto na kuuweka juu ya goti la Akiru.

Daktari anaondoka akinong'ona sentensi yake kuelekea kwenye gari. Nyandeng anaita bakuli lirudi. Akiru anainuka, anashika mkeka kwa ncha mbili na kuuvuta taratibu, Mama Treni akiwa juu yake, maana jua limeshazunguka mgunga na kivuli kimehama.